Shule ya Chekechea na Daftari Lililojaa

Wasomaji wangu, liko jambo moja tulifanyalo wazazi wengi kwa nia njema, nalo lawaumiza watoto wetu. Mtoto wa miaka minne akirudi kutoka shule ya chekechea, twamfungulia mkoba na kulitazama daftari. Likiwa limejaa herufi na tarakimu, twafurahi na kumsifu mwalimu. Likiwa tupu, twanung'unika ya kuwa karo imepotea bure, na muhula ujao twampeleka mtoto shule nyingine yenye kazi nyingi za nyumbani. Mwalimu naye ayajua hayo. Kwa hiyo huwakalisha watoto tangu asubuhi wakinakili ubao, hata kama moyoni ajua ya kwamba sivyo ipasavyo.

Desturi hii ilikuwa na sababu yake. Kwa miaka mingi shule nyingi ziliwapa watoto mtihani kabla ya kuwaingiza darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilizikataza shule za serikali kutoa mtihani wa kuingia, isipokuwa ule wa kujua darasa limfaalo mtoto. Tena, tangu mwaka 2019, mtaala wa umilisi watumika nchini kote, na miaka miwili ya chekechea imepangiwa lugha, hesabu, mazingira, dini, na kazi za mikono na viungo. Mtaala umebadilika, lakini macho yetu yangali juu ya daftari.

Na tuanze na mkono wenyewe. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono cha mtoto wa miaka minne haijakomaa. Mingine ingali gegedu laini. Mkono huo hupata nguvu na wepesi kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua maharagwe na kuparamia miti, wala si kwa kuandika herufi moja mara hamsini.

Hesabu nayo ni vivyo hivyo. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha jambo ambalo kila mzazi aweza kulijaribu nyumbani. Panga mbegu sita za mahindi safu moja, na nyingine sita chini yake, zikabiliane. Mwulize mtoto kama safu zote mbili ni sawa, atakubali. Kisha zitenge mbalimbali zile za chini mpaka safu iwe ndefu, umwulize tena. Watoto wengi wa miaka minne watasema ya kuwa za chini zimekuwa nyingi zaidi, hata yule aandikaye 6 kwa hati ya kupendeza. Huyo ameijua sura ya tarakimu, hajaijua sita. Ataijua kwa kushika mbegu, vizibo na vijiti, kuwagawia wenzake, na kugombana nao kidogo juu ya mgawo. Ugomvi huo pia ni somo, kwa maana hapo ndipo ajifunzapo kungoja zamu yake na kutaja kwa maneno kilichomwudhi.

Sisemi watoto waachwe kutwa bila mpango. Mwalimu akaaye chini ya mwembe akitazama simu, huku watoto wakirushiana mchanga, hafundishi, ajapouita mchezo. Mchezo wataka matayarisho kuliko ubao. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, mpango wa chekechea za madrasa ulioungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan ulianza kuwafunza akina mama wa mitaa kuwa walimu, na kutengeneza vifaa kwa vitu vipatikanavyo pale pale. Baadaye ulienea mpaka Unguja na Uganda. Dini haikuachwa, kusoma hakukuachwa, na watoto walicheza.

Halafu kuna tumbo. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila chochote hasikii wimbo wala hadithi ifikapo saa nne. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, chekechea ni kazi ya serikali za kaunti; kwa hiyo habari ya uji yapasa kupelekwa kwa mwakilishi wa wadi, asiachiwe mwalimu peke yake.

Basi katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya mtu kuomba madaftari yaonyeshwe, na aulize watoto hucheza wapi. Shule nyingine zimejenga madarasa mpaka kwenye ua, na kilichobaki ni njia ya kwendea chooni.