Feza ya mukononi: nani ataandika majina?

Wakati serikali ilifunga njia ya kobalti mwezi wa pili mwaka 2025, na hata ilipoifungua kwa kota mwezi wa kumi, wachimbaji wa mkono walikumbushwa jambo wanalolijua sana: depo ikifunga mlango, nyumba nzima inafunga mdomo. Hapo njo maneno ya feza ya mukononi yanarudi. Kupatia familia maskini franka zenyewe, sio semina, sio mabati ya ofisi. Sisi tunaunga mkono wazo hilo, lakini tuna ulizo moja.

Kwanza tuseme sheria iko namna gani. Sheria ya madini ya 2018 inapatia komini, sekta ao sheferi 15 kwa mia ya redevansi, tena kila kampuni inatoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Ile 15 kwa mia, sheria imeifunga yenyewe: ni ya shule, dispansere, barabara, maji. Hatusemi shule ni kitu cha bure. Lakini mjane wa Kanina anaweza kuwa na shule mpya mbele ya mlango, na ndani watoto wamelala na njaa.

Kinshasa wamejaribu njia ingine. Wakati wa korona, Fonds Social, kwa feza ya Benki ya Dunia, ilituma makuta kwa simu kwa watu zaidi ya laki mbili, ndani ya mpango wa STEP-KIN. Hawakuanza kwa shefu wa kartiye. Mitaa maskini ilitafutwa kwa picha za setelaiti, kisha wakafuata laini za simu za mitaa ile. Uzuri wake ni kwamba setelaiti haina shemeji wa kumuweka kwa liste.

Lakini ingeona nini kwetu? Kasulo, tangu 2014, watu walichimba ndani ya parseli zao wenyewe. Toka juu unaona mabati, bashi na mashimo. Mwenye parseli anaweza kuwa na kitu. Mpangaji wa chumba cha nyuma hana, na bati ni moja. Na simu? Baba amefuata shimo Fungurume, laini iko naye. Feza itaingia kule, watoto wako huku Kolwezi. Mama atauliza nani?

Tanzania, mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulianza na jirani. Wanakijiji wanataja majina, yanasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, na maofisa wanapima hali ya kila nyumba. Kule nako watu wanateta, sisi hatudanganyi mtu. Lakini ni vigumu kusoma jina la tajiri kama jirani yake amesimama pale.

Kwetu mkutano kama huo una hatari yake, na afazali tuitaje waziwazi. Kuna mtu atainua mkono na kusema: «Huyu si wa hapa, batoke kwabo.» Kolwezi haijasahau mwaka 1993, wakati watu wa Kasai walifukuzwa na kulala kwa gare wakingoja treni. Njaa haiulizi mtu alizaliwa wapi, na liste isiulize. Iulize tu: unalala wapi, unakula na nani, nani anachuma?

Basi ulizo letu ni hilo la majina. Jimbo lianze kidogo, kartiye moja ya Dilala na moja ya Manika. Liste isomwe kwa sauti na kubandikwa ukutani. Mpangaji ahesabiwe sawa na mwenye parseli. Laini iandikwe kwa jina la mama, na asiye na karte ya mpiga kura asaidiwe kuipata, asifukuzwe kwenye dirisha. Na malalamiko yasipelekwe kwa yule yule aliyeandika liste: hiyo ni kupeleka kuku kwa mbweha.

Feza yenyewe itoke kwa bajeti ya jimbo, ndani ya mstari wake wenye jina lake. Wabunge wa jimbo wakikutana tena juu ya bajeti, tutafungua karatasi na kutafuta mstari huo.