Surua haimtii mtoto nguvu

Kuna neno moja linalozunguka katika vijiji vyetu, hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, nasi tumechoka kulisikia. Husemwa hivi: «Surua ni ugonjwa wa kila mtoto. Mwache aupitie, akiisha kupona atakuwa na nguvu kuliko zamani.» Wanaosema hivyo si wapumbavu. Ni mama zetu na baba zetu, na pengine makatekista kama sisi. Lakini neno lenyewe ni uwongo. Uwongo huo huua watoto, na ukiisha kuua watoto, huwafukuza wazee katika nyumba zao.

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Aliyepona surua haugui surua tena. Jambo hilo lilichunguzwa zamani na tabibu wa Denmark aitwaye Peter Panum. Mwaka wa 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, katika bahari ya kaskazini, ambamo haikuonekana tangu mwaka wa 1781. Katika watu 7,800 hivi, zaidi ya 6,000 waliugua. Lakini wazee walioipata mwaka wa 1781, hakuna hata mmoja aliyeipata mara ya pili, ingawa miaka 65 ilikwisha kupita. Basi mwili una kumbukumbu ndefu. Hapo wenye neno lile hushangilia: «Mnaona!»

Ngojeni kwanza. Ulizeni kumbukumbu hiyo ilinunuliwa kwa bei gani.

Surua hupita kwa pumzi. Mgonjwa akikohoa ndani ya nyumba, vijidudu vyake vyaweza kukaa hewani hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Huingia kwa pua na koo, kisha hushika zile chembe za damu zenye kazi ya kukumbuka magonjwa. Sisi makatekista twajua kitabu cha Ubatizo kilivyo na maana katika misioni: kikipotea, nani atathibitisha kwamba fulani alibatizwa? Mwili nao una kitabu chake. Kila ugonjwa ambao mtoto ameushinda umeandikwa humo, ili ukirudi utambuliwe mara moja na kufukuzwa. Surua huingia, huandika jina lake, kisha hurarua kurasa za wengine.

Hiyo si hadithi yetu. Mwaka wa 2013 surua ilizuka Uholanzi kati ya watu waliokataa chanjo. Wataalamu walipima damu ya watoto 77, kabla ya kuugua na baada ya kupona, na mwaka wa 2019 wakatangaza waliyoyaona. Watoto walikuwa wamepoteza kinga waliyokuwa nayo juu ya magonjwa mengine: huyu sehemu 11 kwa mia, yule mpaka 73 kwa mia. Na hao ni watoto wa nchi tajiri, wenye kushiba kila siku. Waliopewa chanjo hawakupatwa na hasara hiyo. Wataalamu wameona pia kwamba udhaifu huo waweza kudumu miaka miwili au mitatu. Je, hizo ndizo nguvu mnazozisifu?

Sasa tutazame kwetu. Mwaka wa 2019 surua ilienea katika Kongo nzima. Wagonjwa waliodhaniwa kuwa nayo walifika 310,000 hivi, na mwanzoni mwa mwaka wa 2020 waliokufa walikwisha kupita 6,000, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Siku zile dunia yote ilitazama Ebola huku mashariki, nayo kweli iliua zaidi ya watu 2,200. Surua iliua zaidi, lakini nani aliiogopa? Na mtoto aliyepona surua, akafa kwa kichomi baada ya miezi mitatu, aliandikwa kuwa amekufa kwa kichomi tu.

Mtoto wa namna hiyo tulimzika sisi wenyewe. Vipele vilikwisha, macho yalikwisha kupoa, mama yake alikwisha kumshukuru Mungu mbele ya shirika lote. Mwezi wa tatu kikaja kikohozi, na siku ya nne akafa. Watu wakasema: «Alikuwa mzima! Surua ilimwacha. Nani basi aliyemla?» Wakamtafuta mlozi, wakampata shangazi yake, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Walivunja mlango wake, akaenda zake usiku na chungu kimoja. Nasi tuliosoma sala kaburini tulinyamaza. Hatukuwa na jibu, nasi tuliona haya kusema kwamba hatukuwa nalo.

Leo jibu tunalo, kwa hiyo kunyamaza ni dhambi. Aliyemla mtoto yule ni surua, iliyomwacha bila walinzi, kichomi kikamkuta mlango wazi. Anayemtaja shangazi huyo kuwa mlozi anavunja amri ya nane, hata kama anavaa rozari shingoni.

Wengine watatuambia: «Lakini chanjo huleta homa.» Ndiyo, yaweza kuleta homa ndogo ya siku chache, na pengine vipele kidogo. Lakini chanjo humfundisha mwili kuijua surua bila kurarua kitabu. Kulinganisha homa ile na surua ni kulinganisha mwiba na mkuki.

Basi tunawaomba ninyi wazazi: mtoto akitimiza miezi tisa apelekwe kituo cha afya apate chanjo, ambayo hutolewa bure, na arudishwe kwa mara ya pili kama waganga watakavyoagiza. Kama surua imekwisha kumshika, msimfungie nyumbani kwa dawa za majani. Mpelekeni apewe vitamini A, siku mbili mfululizo, kwa maana huokoa macho na uhai. Na akipona, msidhani vita vimekwisha. Mwaka ule na ule unaofuata, kikohozi chake kisidharauliwe, wala kuhara kwake. Asilale siku ya pili bila kuonwa na mganga.

Nasi makatekista tujilaumu kwanza. Jumapili twatangaza ndoa, michango na mazishi. Siku ya chanjo hutangazwa na nani? Tukiweza kupiga kengele kwa ajili ya kuzika mtoto, twaweza kuipiga kwa ajili ya kumlinda. Na yule shangazi bado yu hai, ng'ambo ya mto, kwa watu wasio ndugu zake. Kabla ya kuwafundisha wengine, imetupasa sisi kwenda kumwomba radhi na kumrudisha kwake.