Ng'ombe Wengi Si Ugonjwa

Kila kiangazi kinapoukausha ukanda wa Shinyanga na Geita, maneno ni yale yale. Utayasikia kwenye vikao vya halmashauri, kwenye mikutano ya hadhara na redioni: Msukuma anarundika ng'ombe kwa sifa. Hauzi, hachinji, hajengi, hasomeshi. Furaha yake ni kuyatazama makundi yakirudi zizini jioni. Akishasemwa hivyo, hukumu inakuwa nyepesi. Mwenye ng'ombe mia mbili anageuzwa kuwa mtu mwenye maradhi ya kulimbikiza, na dawa yake ni moja tu, "kuvuna mifugo". Asiyevuna anapelekewa mgambo, faini na amri ya kuhama.

Imani hiyo ni ya uongo. Wanaoiamini wengi ni watu wema: watendaji wa kata, maofisa wa hifadhi, waandishi wenzangu, hata watoto wa wafugaji waliosoma wakaanza kuwaonea haya wazazi wao. Wema wao haupunguzi madhara yake.

Kulimbikiza wanyama ni tatizo la kweli duniani. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unalitaja pamoja na maradhi ya kulimbikiza vitu. Anayezungumziwa humo ni mtu aliyejaza paka au mbwa ndani ya nyumba. Hawapati chakula cha kutosha, hawatibiwi, wanakufa mmoja baada ya mwingine, naye haoni kama kuna tatizo. Kinachopimwa ni hali ya mnyama na upofu wa anayemfuga. Idadi peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Nenda na kipimo hicho Kishapu, Ushetu au Bukombe. Utamkuta mzee anayemjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mama aliyemzaa, anayejua ndama yupi hakunyonya vizuri asubuhi, na ambaye mwezi wa tisa vijana wake wanachimba mchanga wa mto usiku kucha ili mifugo ipate maji. Mzee huyo ana makosa yake. Kutojali mifugo si mojawapo.

Tuulizane basi kwa nini ana wengi. Ng'ombe wetu wa asili huzaa polepole. Katika ufugaji wa kuchunga, jike hukaa mwaka mmoja na nusu, hata miwili, kati ya ndama na ndama. Nusu ya ndama ni madume, na baadhi yao hawafikishi mwaka kwa sababu ya ndigana kali na magonjwa mengine. Anayekamuliwa hutoa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kupata haki yake, na kiangazi hushuka zaidi. Kwa hiyo nyumba ya watu kumi na wawili inayotaka maziwa mwaka mzima haiwezi kutegemea ng'ombe wanne. Ongeza maksai wa kulimia, maana pamba, mpunga na mahindi ya Shinyanga yamelimwa kwa plau tangu enzi za babu zetu, na plau moja kwenye udongo mzito wa mbuga hutaka jozi mbili. Ongeza samadi. Ongeza mahari ya vijana. Hapo bado hujagusa ukame.

Ukame ndio unaofundisha hesabu. Mvua zikikatika, kila mtu hupeleka ng'ombe mnadani wiki ile ile, wakiwa wamekonda, na bei huanguka wakati bei ya gunia la mahindi inapanda. Mwenye ng'ombe ishirini akipoteza kumi na watano, amebaki na watano, na kwa kasi ile ya kuzaa huenda asirudi alipokuwa katika maisha yake. Mwenye mia moja akipoteza sabini na watano, amebaki na ishirini na watano, na baada ya miaka michache anasimama tena. Uwiano wa hasara ni mmoja. Tofauti ni kwamba wa kwanza amekuwa kibarua wa watu na wa pili bado ni mfugaji. Kundi kubwa ndiyo bima yake, na hadi leo sijaona chombo cha fedha kilichofika vijijini Mbogwe kikampa bima iliyo bora kuliko hiyo. Anayemtaka auze nusu ya kundi aweke fedha benki amweleze kwanza kama fedha hiyo itazaa ndama, itatoa maziwa na itavuta plau msimu ujao.

Halafu ng'ombe unaowaona kwenye zizi moja si wa mtu mmoja. Wamo wa mdogo wake aliyeko mjini, wa mjane wa kaka yake, wa yatima anaowalea, wa shemeji aliyehofia kuweka kundi lake lote sehemu moja ugonjwa usije ukawamaliza kwa mpigo. Kusambaza mifugo kwa jamaa ni busara ya zamani sana Usukumani. Ofisa anayehesabu zizi na kuandika jina moja kwenye daftari amekwisha kukosea kabla hajafunga kalamu.

Eti hawauzi! Nyama inayopikwa Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, inayowashibisha wachimbaji wa dhahabu wanaotoka kwenye maduara, inatoka wapi? Malori yanayopakia ng'ombe mnadani Mhunze na kuwashusha Pugu, Dar es Salaam, yanapakia mifugo ya nani? Msukuma anauza. Anauza anapohitaji, dume na jike lililochoka kwanza, na anabakiza mitamba. Mwenye duka la jumla hufanya vivyo hivyo na mtaji wake, na hakuna anayemwita mgonjwa.

Imani hii ina historia, na si historia yetu. Mwaka 1926 mwanaanthropolojia wa Marekani, Melville Herskovits, aliandika juu ya watu wa Afrika Mashariki na mapenzi yao kwa ng'ombe. Maofisa wa kikoloni wakaichukua fikra hiyo na kuifanya maelezo ya kila kitu: Mwafrika anapenda ng'ombe kupita akili, kwa hiyo lazima apunguziwe kwa nguvu. Mwanaanthropolojia mwingine wa Marekani, Harold Schneider, alikwenda kukaa na Wanyaturu wa Singida, jirani zetu kabisa, na katika kitabu chake cha mwaka 1970 akaonyesha kwamba ng'ombe kwao ni mtaji unaozungushwa kwa hesabu kali. Ni ajabu kwamba nusu karne baadaye maofisa wetu bado wanazungumza kama yule wa kwanza.

Tena serikali hiyo hiyo ya kikoloni ilikuwa na mkono wake katika ukame wa ardhi ya Shinyanga. Idara ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton ilikuwa na makao yake Shinyanga, na katika vita dhidi ya mdudu huyo vichaka na miti vilifyekwa kwa maeneo makubwa. Baada ya vita kuu ya pili, Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ukataka watu wapunguze mifugo katikati ya Usukuma na wengine wasogee kufungua mapori ya Geita. Yaani ng'ombe wa Geita, ambao leo wanaitwa wavamizi, wengine waliingia huko kwa mpango wa serikali. Masharti ya kuuza mifugo na kanuni nyingi za kilimo viliwachosha watu, na hasira hiyo ilikuwamo katika maandamano ya Geita ya mwaka 1958, ambayo chanzo chake cha karibu kilikuwa baraza la wilaya walilolazimishiwa. Watu walitembea hadi Mwanza kudai haki yao. Wazee wetu waliwahi kuambiwa kwamba mifugo yao ni maradhi, na jibu lao limeandikwa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Shinyanga kwenyewe. Mwalimu Nyerere alizuru mkoa huo mwaka 1984 akakuta nchi imekuwa kama jangwa, na mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanzishwa. Wataalamu wenye busara wa HASHI hawakuanza kwa kuhesabu mikia. Waliuliza wenyeji walikuwa wakifanya nini zamani, wakaelezwa habari za ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza, ambalo Operesheni Vijiji ilikuwa imelivuruga kwa kuhamisha watu kutoka kwenye maeneo yao. Ngitili zilizokuwa zimebaki na kujulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sheria zake zilitungwa na kusimamiwa na dagashida, mikutano ya kimila, na sungusungu wakazilinda. Utafiti ulioongozwa na Gerald Monela mwaka 2005 ulikadiria kwamba ngitili zilimpa kila mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi, kwa kuni, dawa, majani, asali na malisho. Miti ilirudi huku ng'ombe wakiwapo. Aliyewahi kuona kilima cha Shinyanga kikiota tena migunga hawezi kuniambia kwamba Msukuma na ng'ombe wake ni adui wa ardhi kwa asili yao.

Kilichozidi katika ukanda huu ni mipaka. Kando ya Bukombe na Ushetu kuna hifadhi ya Kigosi. Magharibi, Burigi, Biharamulo na Kimisi viliunganishwa mwaka 2019 vikawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kuna misitu ya hifadhi, kuna leseni kubwa za dhahabu, kuna mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa wazi ambamo ndama hutumbukia, na kuna mashamba yanayopanuka kila mwaka. Ng'ombe kumi waliokuwa wachache mwaka 1970 wanaonekana wengi leo kwa sababu nyasi zao zimewekewa alama za mipaka. Nautaka uhifadhi, na naijua faida ya dhahabu. Lakini ukimpunguzia mtu ardhi halafu ukamshangaa kwa nini mifugo yake imebanana, unamlaumu kwa jambo ulilolifanya wewe.

Sasa nirudi kwenye kile kipimo cha ulimbikizaji: wanyama waliosongamana mahali pamoja, bila maji, bila malisho, wanakufa, na anayewashikilia haoni tatizo. Hali hiyo nchini mwetu imeonekana mara nyingi kwenye mazizi ya mifugo iliyokamatwa. Malalamiko ya ng'ombe waliokufa kwa kiu na njaa wakiwa mikononi mwa mamlaka yamefika bungeni mara kwa mara. Walipoondolewa wafugaji wa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wao Wasukuma, mifugo ilikufa njiani kuelekea Lindi na Pwani, na tume iliyoongozwa na Jaji Othman Chande iliundwa kuchunguza. Mwaka 2013, Operesheni Tokomeza iliyoanzishwa kuwasaka majangili iliwaangukia wafugaji. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na mbunge wa Kahama, James Lembeli, ilieleza mateso ya watu na vifo vya mifugo, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani Desemba ile. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ng'ombe aliyekamatwa ana kiu ile ile ya ng'ombe aliye huru, na anayemshika amebeba wajibu wa kumnywesha.

Najua nitajibiwa kwamba malisho yanaharibika kweli. Yanaharibika. Wapo matajiri wenye maelfu ya ng'ombe wanaochungwa na watoto walioachishwa shule, na baadhi ya matajiri hao wanakaa mjini, wana vyeo, na ng'ombe wao hawakamatwi. Wapo wanaoingiza mifugo kwenye shamba la mjane usiku. Hao washtakiwe kwa majina yao na kwa walichofanya. Mwenye ng'ombe thelathini wa Mbogwe asibebeshwe kosa lao kwa sababu tu lugha yake na yao ni moja.

Serikali inaweza kufanya vizuri ikitaka. Januari 2019 Rais Magufuli alizuia kuondolewa kwa vijiji 366 vilivyokuwa kwenye migogoro na hifadhi, na watu wakalala usingizi. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo, chanjo zikiwa na ruzuku. Mfugaji aliyechanjiwa ndama hana haja ya kufuga watatu ili abaki na mmoja. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza idadi bila kumgusa mtu.

Nawaomba madiwani na wakurugenzi wa Kishapu, Ushetu, Mbogwe na Bukombe: kabla ya kiangazi kijacho, pimeni malisho ya vijiji na muyape hati za kimila. Fufueni majosho yaliyokauka, chimbeni malambo, wekeni mizani minadani ili ng'ombe auzwe kwa uzito badala ya kukadiriwa kwa macho. Jengeni mazizi yenye maji kabla ya kukamata ng'ombe hata mmoja. Mkishafanya hayo, na mtu bado akaacha mifugo yake ife kwa uzembe wake, mpelekeni mahakamani nami nitaandika kuwaunga mkono. Kabla ya hapo, hamna haki ya kumwita mgonjwa.