Kazi za mikono: Tusitupe nta, tutengeneze buji za urembo

Juma hili tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi kati yetu tunakitupa: nta ya nyuki.

Asali ya pori inafika kwetu katika chupa ao katika bido, mara nyingi pamoja na vipande vya masega. Tukiisha kuikamua, masega yanaenda jalalani. Lakini ili watoe kilo 1 ya nta, nyuki wanakula kilo 6 za asali na hata zaidi. Tunatupa kazi kubwa ya viumbe wadogo sana. Tena nta hiyo ndiyo Kanisa Katoliki limetumia tangu zamani kutengeneza mshumaa wa Pasaka.

Wako watakaouliza: katika taabu hizi, urembo wa nini? Tunajibu hivi. Taabu hazizuii ndoa, ubatizo wala kilio, na kila mara tunatafuta buji ya kuweka mezani. Tena mama aliyeacha nyumba yake na vyote vilivyokuwamo anaweza kubeba ufundi kichwani. Ufundi hauporwi njiani.

Kusafisha nta

Osha masega kwa maji ya uvuguvugu mpaka asali itoke. Yafunge ndani ya kitambaa cha zamani, weka kitambaa katika sufuria yenye maji ya mvua, na juu yake weka jiwe safi lisiache kitambaa kielee. Chemsha polepole. Nta itatoka kwenye kitambaa na kuelea juu. Toa kitambaa, funika sufuria, acha mpaka asubuhi. Utakuta nta imeganda juu ya maji kama kisahani cha manjano. Kwangua uchafu wa chini kwa kisu. Ikiwa bado chafu, rudia.

Sufuria hiyo isirudi tena kwenye chakula, maana nta haitoki kwa urahisi. Usitumie chombo cha chuma chenye kutu wala cha shaba. Vinaharibu rangi ya nta.

Utambi

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Utambi unaomba uzi wa pamba. Choma ncha ya uzi ili uujue: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu; nailoni inayeyuka na kufanya kadonge kagumu. Suka nyuzi 3 za pamba, zichovye katika nta, zinyooshe, ziache zikauke.

Watoto wanapenda kuuliza kwa nini uzi hauishi haraka. Mwanasayansi Michael Faraday aliwafundishia vijana wa London jambo hilo wakati wa Noeli ya 1860, akitumia mshumaa. Kinachowaka si uzi. Nta inayeyuka, inapanda ndani ya utambi, inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Zima buji, kisha peleka kiberiti haraka katika moshi mweupe unaopanda: moto utarukia utambi hata bila kuugusa. Kwa hiyo utambi mwembamba sana unazama ndani ya nta na kuzimika, na mnene sana unatoa moshi mweusi. Jaribu buji moja kwanza kabla ya kutengeneza nyingi.

Kumimina na kupamba

Nta ya nyuki inayeyuka karibu digrii 63, chini kabisa ya maji yanayochemka. Basi usiiweke moja kwa moja juu ya mbabula. Weka nta katika kopo la maziwa, na kopo ndani ya sufuria yenye maji. Ikiisha kuyeyuka, itoe motoni.

Kalibu zipo hapa kwetu. Kikonyo cha jani la papai kina tundu katikati: kikate urefu wa kiganja, ziba chini kwa udongo wa mfinyanzi, simamisha utambi katikati kwa kijiti, mimina. Ikiganda, pasua kikonyo kwa kisu. Ganda la yai linafanya buji ya mviringo, na nusu ya ganda la chungwa ni kikombe tayari.

Juu ya urembo, chukua jani dogo la gugu lililokaushwa ndani ya kitabu, liweke ubavuni mwa buji, likandamize kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto. Liweke chini, mbali na ndimi za moto. Rangi za maji hazichanganyiki na nta, na udongo uliosagwa unaziba utambi. Usiongeze mawese; buji italegea na kupinda.

Usalama

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, nyingine za majani, na moto hausubiri jirani. Nta ikishika moto, usiimwagie maji hata tone. Italipuka na kuruka. Funika kopo kwa kifuniko, toa makala. Usiongeze esanse ao petroli kamwe. Watoto wadogo wakae mbali. Mtu akiungua, tia kidonda katika maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno, na usibandue nta kwa nguvu. Kidonda kikubwa kipelekwe kituo cha afya. Buji ya urembo inasimama juu ya sahani, mbali na chandarua, na inazimwa kabla ya kulala.

Bei na pori

Mkitengeneza katika kikundi, andikeni kila kitu katika daftari: franka za nta, za uzi, za makala, na saa mlizofanya. Gawanyeni kwa hesabu ya buji, ndipo muongeze faida. Anayeuza bila hesabu anakula mtaji wa likelemba bila kujua.

Mwisho, muulize muuza asali aliitoa wapi. Kahuzi-Biega ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na kuvuna ndani yake kumekatazwa. Anayekata mti na kuchoma nyuki anapata asali mara moja tu. Mzinga uliotundikwa shambani unatoa asali na nta mwaka kwa mwaka, na hiyo ndiyo nta tunayoitaka.

Anzeni na buji 2 ao 3, mlete tuzione siku ya mkutano.