Je, Mgonjwa Afichwe Ugonjwa Wake?



Akina mama tukikutana baada ya kikao cha kikundi, mazungumzo huanza na bei ya maharage na ada za shule. Chai ikishamiminwa, hatukawii kufika kwenye maswali mazito. Wasomi huyaita falsafa ya maadili. Sisi huyazungumza tu huku tukichambua mchele. Safari hii tulishikwa na swali moja, nasi tunaona si vema libaki kwetu: familia ikiambiwa kwamba mama yao ana saratani iliyokwisha kuenea, je, ni haki kumficha?

Mmoja wetu alisema afichwe. "Jamani, habari kama hiyo inamvunja mtu moyo. Atakataa hata uji. Mwacheni aishi siku zake kwa matumaini."

Mwingine akamjibu, "Dada yangu, mwili ni wa nani? Mawifi wanajua, majirani wanajua, asiyejua ni mwenye mwili peke yake!"

Tukanyamaza kidogo, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemkumbuka.

Swali hili si geni. Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliliandikia karibu mwaka 420. Alitoa mfano wa mgonjwa mahututi ambaye mwanawe amefariki, naye anauliza kama mwanawe yu hai. Anayeulizwa anaogopa kwamba jibu la kweli litamuua. Augustino alikiri kwamba mfano huo ulimgusa sana, lakini hakukubali kuuhalalisha uongo. Aliona kwamba uongo wa huruma ukiruhusiwa, mwingine utafuata, na ubaya huo utakua kidogo kidogo.

Madaktari nao wamebadilika. Mwaka 1961 daktari Donald Oken alichapisha uchunguzi aliofanya kati ya madaktari wa hospitali moja ya Chicago, Marekani. Karibu 9 katika kila 10 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Uchunguzi mwingine wa namna hiyo ulipochapishwa nchini humo mwaka 1979, karibu wote walisema humwambia. Si kwamba mioyo yao ilikuwa imekuwa migumu. Matibabu yalikuwa yameongezeka, na ni vigumu mtu kuvumilia dawa kali asiyojua ni ya nini.

Sisi tuliokesha wodini tunajua jambo moja: mara nyingi mgonjwa amekwisha kuhisi. Nguo zimempwaya, wageni wananong'ona mlangoni, na mtoto anayeishi mbali amekuja ghafula wala si sikukuu. Usiku, ndugu wakishaondoka, humwita muuguzi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nitapona kweli?" Hakuwauliza wanawe kwa sababu naye anawaficha. Watoto wanamficha mama, mama anawaficha watoto, na kila mmoja analia peke yake. Huo ndio ubaya mkubwa wa siri hii: inamwacha mgonjwa mpweke katikati ya watu wanaompenda.

Tena mama asiyejua hawezi kueleza shamba la bondeni ni la nani, wala deni la kikundi limeandikwa wapi, wala kitinda mimba atakaa na nani. Hapati nafasi ya kupatana na ndugu waliyekosana. Katika Biblia, nabii Isaya alimweleza Mfalme Hezekia waziwazi kwamba atakufa, na kwamba aitengeneze nyumba yake. Hezekia alijigeuza ukutani, akaomba na kulia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hatuwezi kumwahidi kila mgonjwa miaka 15. Lakini Hezekia aliweza kuliombea jambo lake kwa sababu aliambiwa.

Hata hivyo, yule mwenzetu wa kwanza naye alisema neno la kweli. Habari nzito ikitupwa kama jiwe, huumiza. Kutodanganya si lazima kuwe kumwaga yote kwa siku moja. Kwa hiyo tulipatana haya:

1. Aulizwe yeye kwanza: "Mama, unauonaje ugonjwa huu? Ungependa daktari akueleze wewe, au amweleze mtu unayemchagua?" Akisema hataki kujua, ni haki yake. Lakini awe ameamua yeye, si mawifi.

2. Aelezwe faraghani, daktari akiwa ameketi, na mtu anayemwamini akiwa karibu. Koridoni si mahali pake.

3. Akiuliza, asijibiwe uongo. Inatosha kusema, "Mama, ugonjwa ni mzito, nasi hatutakuacha." Akitaka zaidi, atauliza tena.

4. Asiambiwe kwamba hakuna la kufanya. Saratani ikishindikana kuponywa, maumivu bado hutulizwa. Ipo hata mofini ya kunywa. Kuogeshwa vizuri, kugeuzwa kitandani, kusomewa Neno, yote hayo ni matunzo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa methali hiyo, kumbe yatuhusu na sisi tunaomzunguka.

Yule mwenzetu hakushawishika kabisa. Alisema siku hiyo ikimfikia bado ataogopa, nasi hatukumlaumu, kwani hata sisi tutaogopa. Ndiyo maana tunawaomba, wapendwa, msingojee hospitali. Jioni moja, nyote mkiwa wazima, mwulize baba watoto: "Ukiugua sana, ungependa kuambiwa?" Naye akuulize wewe. Ni rahisi kulijibu swali hili mezani kuliko kitandani.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.