Tusikane Mitaa Yetu

Wanafunzi wenzangu, mbona wa Kawangware akiulizwa anakokaa hujibu "Lavington", na wa Kibera "Ngong Road"? Huko ni kujikana. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Wanajeshi Wanubi wa KAR walipewa makao hapo kabla Nairobi haijawa jiji mwaka wa 1950, na mwaka wa 2017 jamii yao ikapata hati ya ekari 288. Ni kweli, kwetu maji tunanunua kwa mtungi na vyoo havitoshi. Lakini aibu hiyo si ya mpangaji anayelipa kodi kila mwezi! Tukiuficha mtaa, tutaudaia maji vipi? Mwacha asili ni mtumwa. Mimi natoka Gatwekera, Kibera. Wewe je?