Maji ya kijani ya bwawa



Juma lililopita tulikuwa tunapunguza maji ya bwawa letu la tilapia. Mama mmoja akatuuliza: «Maji haya ya kijani, si ndiyo ile spirulina wanayopewa watoto wenye bwaki? Tuwachotee?» Hatukujibu haraka, maana swali lake lilikuwa na mambo mawili.

La kwanza. Rangi ile ni mimea midogo sana, mikroalge, ambayo jicho haliwezi kuiona mmoja mmoja. Inajengwa na jua pamoja na mavi ya samaki na mabaki ya chakula chao. Tilapia anaila. Basi tulikuwa tunamwaga chakula, halafu tunaenda sokoni kununua pumba! Sasa maji hayo tunayaweka katika shimo dogo lisilo na kivuli, tunayakoroga asubuhi na jioni. Yakikolea kijani, tunayamimina kidogo kidogo katika bwawa la vitoto vya samaki. Yanayobaki yanamwagilia lengalenga.

Kipimo ni mkono wako. Uzamishe polepole ndani ya bwawa. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi. Usiku mimea ile inamaliza hewa ya majini, na alfajiri utakuta samaki wanahema juu ya maji. Acheni mbolea, ongezeni maji safi.

La pili, na hili tulisikie sote: mtoto asinyweshwe maji ya bwawa. Spirulina ni aina yake peke yake. Wamama Wakanembu wa Ziwa Chad wanaivuna tangu zamani, wanaianika juani kuwa mikate iitwayo dihé. Siku hizi inalimwa pia katika maji safi yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Katika bwawa letu kunaweza kuota aina nyingine zenye sumu inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Mtoto akivimba miguu, nywele zikigeuka rangi, apelekwe kituo cha afya siku ileile. Kwa watoto wetu wengine, kijani kile kiwafikie kikiwa kimepita kwanza ndani ya samaki: tilapia mmoja katika chungu, pamoja na lengalenga za bustani.

Mama yule alicheka, akachukua jembe, tukachimba shimo la pili.

Tuonane juma lijalo.